Karanga za Kutulia

Kifuniko cha kopo la karanga kililia gizani: tk.

Subilaga alifumbua macho, akabaki amelala vilevile akisikiliza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, kama desturi yake kila mvua ikinuna, na jogoo wa jirani alishaanza fujo zake za alfajiri. Panya, aliwaza. Halafu akakumbuka kwamba panya hafungui kopo na kulifunga tena kwa adabu.

"Bupe?"

"Abee."

"Unafanya nini huko?"

"Nakula karanga."

"Giza lote hili? Nani kakuruhusu?"

"Nimetulia," Bupe akajibu, kama abiria anayeonyesha tiketi.

Subilaga alipapasa kandambili, akapata moja, akagonga ndoo aliyoitega mwenyewe chini ya bati linalovuja, akailaani ndoo, akafika jikoni mguu mmoja ukiwa umelowa. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, mikono yote miwili juu ya goti.

"Umetulia, halafu unaiba."

"Siibi. Moja tu."

"Leo ni siku gani, Bupe?"

"Ya mkanda."

"Siku ya mkanda. Na mimi leo nilitaka mtoto aliyelala vizuri, siyo mtoto anayezunguka nyumba kama mlinzi wa benki." Alimbeba. Bupe alimkumbatia shingo kwa nguvu zake zote. Alikuwa na miaka mitano na alikuwa mwepesi kuliko umri huo. Subilaga alimrudisha kitandani, akamfunika, akaenda kupambana na kuni mbichi.

Bupe alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Kila mwezi alitolewa damu, na zamani kila mwezi walihitajika watu wazima watatu kumshika, mmoja wao akiwa Subilaga, mama yake, ambaye baadaye alikwenda kulia nyuma ya zahanati mahali wanapokaushia magodoro. Hadi siku moja Subilaga akachoka, akaamua kuileta kazi nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kufundisha tumbili, kwenye Kituo cha kujaribia dawa.

Alikuwa ameisoma kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na aliifanya kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa kitu kingine chochote duniani. Kwanza unakaa kando ya kizimba, ubavu ukimwelekea mnyama, macho chini, hufanyi lolote. Unakaa hadi akuchoke, akuone kama ufagio. Kisha hatua ndogondogo: akisogea, unabofya kidude, tk, anapata karanga. Akishika upau, tk, karanga. Akitoa mkono nje, tk, karanga. Kuna siku anaukubali mguso wa pamba, na kuna siku anaikubali sindano yenyewe, na hakuna aliyemkamata wala kumfunga. Kwa Bupe alitumia kopo badala ya kidude, maana kifuniko chake kilikuwa na sauti ileile. Mtoto aliyekuwa akipiga mateke akawa anatoa mkono mwenyewe, macho makavu, bila chozi. Wauguzi waliitana waje waone. "Huyu ni jasiri," walisema, na Subilaga alizipokea sifa hizo kama chakula cha moto.

*

Gari la Kituo halikuwa na dereva, ndiyo maana lilikuwa na adabu kupita kiasi. Katikati ya mlima, kwenye kona yenye ukungu, lilisimama.

"Tunaomba radhi," gari likasema. "Kuna mtumiaji mwingine wa barabara."

"Huyo ni mbuzi," Subilaga akasema.

"Tunamsubiri aamue."

Mbuzi hakuwa na haraka ya kuamua. Alitafuna, akatazama taa za gari, akatafuna upande wa pili.

"Mpigie honi."

"Honi humwongezea mnyama hofu. Hofu humfanya akatae kusogea hata pale alipotaka kusogea."

Subilaga alifumba macho. Maneno hayo alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe kwa ajili ya semina ya wafanyakazi, na mtu fulani mwenye akili nyingi akayaingiza kwenye gari. "Basi tuzeekee hapa," akasema.

Siku nyingine Bupe angecheka mpaka apaliwe. Angeshusha kioo amwite mbuzi jina. Leo alikaa kimya mapajani mwa mama yake akiangalia ukungu, mguu ameunyoosha kwenye kiti cha pembeni, na Subilaga alishukuru kimoyomoyo kwamba walau mmoja wao alikuwa na utulivu.

*

Vizimba vya Kituo vilipangwa pande mbili za korido ndefu yenye madirisha juu. Ambakisye, mtunza vizimba, alikuwa ameshafagia, na sasa alisimama mbele ya kizimba cha mwisho mikono kiunoni.

"Mama Bupe, njoo umwone mke mwenzio."

"Kaka Amba, leo sina nguvu za utani."

"Wala mimi. Njoo tu."

Kwenye kizimba cha mwisho aliishi tumbili jike aliyeitwa Kiherehere, jina alilolipata kwa haki. Zamani alikuwa akimkaripia kila apitaye, akitingisha nyavu za kizimba, akimrushia maganda Dokta Mwaisumo, msimamizi wa majaribio. Sasa alikaa kimya juu ya upau wake. Mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kiganja, ulikuwa hauna manyoya hata kidogo.

"Anajinyofoa," Ambakisye akasema. "Ametulia mpaka amebaki na mkono wa kuku wa sikukuu."

"Mkanda unasemaje?"

"Kijani. Jana ndoo imenidondoka nyuma yake, mlio kama bomu. Mimi niliruka. Yeye kijani."

Mkanda wa Shwari ulivaliwa shingoni, laini kama utepe, ukiwa na jicho moja la taa. Ulisikiliza moyo na pumzi. Taa ya kijani maana yake mnyama ametulia, njano ana wasiwasi, nyekundu ana hofu. Na jambo hilo halikuwa urembo. Kituo kilikuwa kinajaribu dripu mpya ya kuzuia maumivu ya selimundu, na kila wiki tumbili walitolewa damu ili ionekane kama dawa inawadhuru. Damu ya mnyama aliyeogopa hudanganya: sukari inapanda, chembe nyeupe zinajaa, na huwezi kujua kama hayo ni ya dawa au ni ya mtu aliyekuja na sindano. Mnyama mtulivu ndiye pekee anayetoa jibu la kweli.

Kufundisha mmoja mmoja kulichukua muda mrefu. Basi siku moja Subilaga na Dokta Mwaisumo, wakinywa chai na kucheka kwa furaha ya wazo lao, waliamua kuunganisha mkanda na mashine ya karanga iliyo ukutani mwa kila kizimba. Taa ikiwa kijani, mashine inabofya, tk, karanga inaanguka. Hakuna tena kukaa kando ya kizimba siku nzima. Muda si mrefu korido yote ikawa kijani, na watu wakaja kupiga picha.

Kiherehere alipiga mwayo mrefu uliofichua meno yote. Subilaga alimtazama bila kupenda alichokiona. Mwayo wa tumbili si usingizi, ni wasiwasi.

"Mama Bupe." Dokta Mwaisumo alikuwa anakuja, koti jeupe, tai imekaa upande. "Umependeza. Mgeni wetu wa ofisi ya wodi ameshapita Kiwira. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ofisini kwako, anakula kiti chako kwa macho. Dokta, naomba umwone huyu. Anajinyofoa."

"Ni msimu."

"Msimu wa kunyofoa mkono mmoja?"

"Naomba leo usinianzie."

"Na damu yake ikoje?"

Dokta alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaichafua zaidi. "Damu yake ina mambo yake. Sukari juu, chembe nyeupe juu, kama ya mnyama aliyekimbizwa. Nimepima mara mbili. Lakini mkanda unasema ametulia, kwa hiyo ni friji. Sampuli zimeharibika."

"Kila kitu kikiharibika hapa ni friji."

"Kwa sababu friji ni bovu kweli, mama Bupe, nimeandika barua mpaka nimechoka."

"Basi nirudishie kibao. Kwake yeye tu."

Kibao kilikuwa ubao mfupi uliotumika kabla ya mikanda. Tumbili akikaa juu yake, kazi inaendelea. Akishuka, kazi inakoma papo hapo, hata kama sindano imebaki nukta moja, na hakuna anayemnunia. Ndivyo alivyokuwa akisema hapana. Kiherehere alikuwa bingwa wa kushuka.

"Akishuka siku nzima?" Dokta akauliza. "Niandike nini kwenye ripoti? Kwamba tumbili leo hajisikii?"

"Ndiyo. Uandike hivyo. Ndio ukweli wenyewe."

Ambakisye alipata ghafla kitu cha kufagia mbali kidogo.

Dokta hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Aliegemea ukuta kati ya vizimba viwili na kusema kwa sauti ya chini: "Nilianzia wodini mimi, unajua. Wodi ya watoto. Tulikuwa wawili usiku, watoto wamejaa hadi sakafuni. Unamkimbilia anayepiga kelele. Asubuhi unakuta aliyetutoka ni yule wa pembeni, aliyekuwa kimya. Mkanda huu ungeniambia. Mtoto akiwa mwekundu, muuguzi anamwendea. Akiwa kijani, anamwacha apumzike. Ni hilo tu ninalolitaka. Leo mgeni wetu, Bi Zamaradi, akitia sahihi, mikanda inakwenda wodini, na dripu zinakwenda pamoja nayo, na mtoto wa kwanza kuzipata ni wako. Nililipigania jina lake. Usinivurugie, mama Bupe. Nakuomba kama ndugu."

Masika iliyopita Bupe alilazwa na maumivu ya mifupa, macho ya njano, midomo mikavu, na usiku mmoja mama yake alimshika kidole akihesabu pumzi zake kwa kuogopa kwamba asipohesabu zitasahau kuja. Dripu hii ingezuia usiku kama ule. Ilikuwa kwenye friji, friji bovu, mlango wa tatu kutoka hapa.

Na tumbili ndio walioilipia. Waliamini mkono wake, wakatoa mikono yao. Kila karanga aliyowahi kuwapa ilikuwa ahadi kwamba yeye anaona wanapoumia. Sasa mmoja wao alikuwa amekaa pale na mkono mtupu, taa yake inang'aa kijani, na yeye mwenye kazi ya kuona alikuwa anatafuta sababu ya kutoona. Msimu. Friji. Uzee.

"Sawa, Dokta," akasema. Akajichukia kwa hasira kavu, isiyo na pa kwenda.

*

Bi Zamaradi kutoka ofisi ya wodi za watoto alikuwa mwanamke mnene wa pwani mwenye baibui, sweta juu ya baibui, na viatu vilivyojaa tope.

"Huku kwenu jua mnalikodisha?" aliuliza kabla hajaketi. "Gari lenu limenisimamisha kwa ajili ya bata. Bata wanne, wakapita mmoja mmoja. Nikaliambia, mwanangu, mimi nina presha. Likaniomba radhi."

"Lina adabu," Subilaga akasema.

"Lina wazimu."

Dokta alicheka kuliko ilivyohitajika. Bupe alikuwa ameshavalishwa mkanda mdogo wa kitoto, wenye maua, na amekalishwa kwenye kiti mwanzoni mwa korido ili mgeni amwone. Mashine ndogo ya karanga ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mkanda unakubana?"

"Hapana."

"Huogopi tumbili?"

"Hapana."

Taa kijani. Tk. Karanga ikaanguka kiganjani. Bi Zamaradi alimtazama Bupe muda mrefu kidogo, kisha akafuata koti la Dokta.

Kwa Kiherehere kila kitu kilikwenda kama video ya matangazo. Subilaga alisema jina lake. Tumbili akatoa mkono, ule wenye manyoya, maana Subilaga alikuwa amesimama upande huo kwa makusudi. Pamba, sindano, damu nyeusi ikipanda kwenye kichupa. Kijani. Tk.

"Mimi nina wajukuu hawatoi mkono hivi hata kwa kunawa," Bi Zamaradi akasema. Alifungua mkoba, akatoa kalamu. "Niliuguza miaka mingi kabla ya hizi ofisi. Tungekuwa na kitu hiki enzi zetu..."

Hapo ndipo mlango wa stoo ulipofunguka.

Dokta alikuwa amemwambia Ambakisye atoe takataka zote za zamani stoo wakati mgeni anakunywa chai. Hakumwambia kwamba mgeni amekataa chai. Ambakisye aliingia koridoni kinyumenyume akivuta boksi, na begani kwake, umening'inia kama gauni, ulikuwa wavu wa mpini mrefu. Wavu wa kukamatia. Haukuwa umetumika tangu Subilaga aajiriwe, lakini hapakuwa na tumbili koridoni ambaye hakuwahi kuangukiwa nao.

Subilaga aliinua mabega kusubiri kelele.

Hazikuja.

Korido nzima iliganda. Kila tumbili aliinamisha kidevu juu ya mkanda, akakaza mwili, akavuta pumzi moja ndefu na kuitoa polepole sana, kama wanavyofanya porini kivuli cha tai kinapopita juu ya miti. Hakuna jani lililotikisika. Taa ya kwanza kijani, ya pili kijani, kijani mpaka mwisho. Na mashine zikaanza: tk, tk, tk, upande huu na upande ule, karanga zikamwagika kwenye bakuli zote, zikajaa, zikabingirika sakafuni, na hakuna mkono hata mmoja ulionyooka kuziokota.

"Subhanallah," Bi Zamaradi akanong'ona. "Utulivu gani huu."

Tk. Kwa mawazo Subilaga alikuwa tena jikoni kwake, gizani, mguu mmoja umelowa. Nimetulia. Moja tu.

Aligeuka. Mwanzoni mwa korido Bupe alikuwa amekaa vilevile kwenye kiti, mguu wa kulia umenyooshwa. Kidevu ameinamisha juu ya maua ya mkanda. Kifua kilipanda taratibu, kikashuka taratibu. Kijani. Kwenye kiganja chake karanga zilikuwa zimeshafika nyingi, na alikuwa hajala hata moja.

Kalamu ya Bi Zamaradi ilikuwa tayari juu ya karatasi. Ilikuwa ni suala la kunyamaza tu. Kunyamaza hakuhitaji juhudi. Angenyamaza, na wiki hii dripu ingeingia kwenye mshipa wa mtoto wake. Na wodini, kati ya watoto waliojaa hadi sakafuni, mtoto wake angelala kijani, na muuguzi angempita kwa ncha za vidole ili asimwamshe.

"Hawajatulia," Subilaga akasema.

"Mama Bupe," Dokta akasema, taratibu.

"Hawajatulia, Dokta. Wameogopa mpaka wameganda. Mkanda haujui tofauti. Tumewapa karanga kwa kuwa kijani, wakatafuta namna ya kuwa kijani, wakaipata. Tumbili hajui kwamba mimi nilitaka moyo wake upoe. Anajua alifanya nini taa ikawaka." Akamgeukia Dokta. "Tuliwafundisha kuficha, mimi na wewe, na chai mkononi."

"Una hakika?" Bi Zamaradi aliuliza. Kalamu haikusogea. "Sisemi kwa ubaya. Kuna watoto wengi nyuma ya karatasi hii."

"Nipe dakika chache. Kaka Amba, usiondoke. Baki na wavu wako hapo hapo."

"Mimi sikujua kama..."

"Baki tu, kaka."

Alikwenda kwenye boksi la Ambakisye na kupekua chini ya mabomba na matambara hadi akakipata kibao. Alikipangusa kwa sketi. Alipopitisha mkono kwenye kizimba, Kiherehere alimwachia shingo kama alivyozoea kumwachia kila kitu, na Subilaga akafungua kifungo cha mkanda, akautoa. Kisha akakiweka kibao mahali pake pa zamani, akarudi hatua mbili nyuma, akakaa sakafuni na sketi yake safi, ubavu ukielekea kizimba, macho chini.

Nyuma yake alisikia viatu vya Dokta vikitembea. Alidhani anaondoka. Vilifika ukutani, vikasimama, na mashine zote za karanga zikazimika kwa pamoja.

Kiherehere alikitazama kibao. Alikinusa. Alipanda juu yake, akakaa, akamtazama Ambakisye na wavu wake. Akamtazama Subilaga, ambaye hakumtazama. Kisha, polepole, kama mtu anayejaribu mlango aliodhani umefungwa, alishusha mguu mmoja. Halafu wa pili.

Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemfuata.

Alirukia kona ya mbali kabisa, akashika nyavu kwa mikono yote miwili, ule wa manyoya na ule mtupu, akapiga yowe. Lilikuwa yowe lake la zamani, la kumtukania mtu ukoo. Kizimba cha jirani kikajibu. Kisha cha pili yake, kisha korido nzima ilikuwa inalia, na taa zikageuka moja baada ya nyingine, njano, nyekundu, nyekundu, hadi kuta zenyewe zikawa na rangi ya nyanya.

"Niondoke sasa," Ambakisye alipaza sauti, "au nife hapa hapa?"

"Ondoka, kaka. Asante."

Mlango wa stoo ulipofungwa, Dokta Mwaisumo alikuwa bado amesimama kwenye swichi, miwani mkononi. "Siyo friji," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Damu ilikuwa inaniambia kila wiki, na mimi naandika barua ya friji."

Bi Zamaradi aliirudisha kalamu kwenye mkoba. Alichukua muda kufunga zipu. "Ningempita," alisema. "Mtoto wa kijani. Ningempita na kushukuru Mungu kwamba mmoja amelala." Akamgeukia Dokta. "Sisaini. Na wala sikutupi, usinitazame hivyo. Mkanda unasikia moyo vizuri. Ung'oeni kwenye karanga, mrudishe huo ubao wenu, mniite tena." Kisha kwa Subilaga, polepole: "Mwanangu, unaelewa kwamba dripu na mikanda vimefungwa kwenye karatasi moja."

"Naelewa."

"Kuvifungua ni kazi ya kupanda ngazi za watu wengi. Nitazipanda, goti langu ni bovu lakini nitazipanda. Ila mtoto atasubiri."

"Atasubiri," Subilaga akasema. Hakujisikia shujaa hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyeuza mwavuli wakati mawingu yanakusanyika, na bado, chini kabisa, palikuwa na kitu kidogo chepesi kilichokataa kuzama.

*

Bupe hakuwa ameondoka kwenye kiti. Vurugu zote zile zilimpita juu ya kichwa, na taa yake ilibaki kijani, ya pekee korido nzima.

Subilaga alifika, akafungua mkanda wenye maua, akauweka sakafuni. Shingo ya mtoto ilikuwa na jasho baridi. Alitaka kuuliza. Maswali yote yalijipanga mlangoni mwa kinywa chake, tangu lini, wapi, kwa nini hukuniambia, na akayazuia yote, maana alijua mtoto huyu angejibu nini: angetoa jibu la kijani.

Badala yake alitoa kopo kwenye mkoba. Alilibeba kila walipokwenda kwenye sindano. Alilifungua, akalimimina lote kwenye mapaja ya Bupe, mpaka karanga ya mwisho, na kifuniko akakitia mfukoni.

"Hizi ni zako," akasema. "Ukilia, ni zako. Ukinyamaza, ni zako. Ukizimwaga, tutaziokota wote."

Bupe aliziangalia kwa mashaka, kama karani aliyeletewa hela bila risiti. "Hata nisipotulia?"

"Hata usipotulia."

Subilaga alikaa chini, sakafuni, ubavu ukielekea kiti, macho kwenye vigae. Hakumshika. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na kwa mbali gari la Kituo lilikuwa linamwomba mtu radhi. Kwenye kizimba cha mwisho Kiherehere alikuwa bado anatukana, kwa vipindi, akipumzika katikati. Dokta alisogea, akaona walivyokaa, akasimama pale pale alipofika. Kwa Subilaga ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya, kukaa hivi bila kufanya lolote, mgongo ukiuma, akisubiri achokwe, aonekane kama ufagio, kitu kisichotaka chochote kwa mtu.

Kidole kidogo kiligusa sikio lake.

Alisubiri.

Karanga moja ilianguka kutoka mapajani, ikabingirika kwenye vigae. Halafu nyingine. Kidevu cha Bupe kiliinuka taratibu, pumzi yake ikakatika katikati, na kwa sauti iliyovuka vizimba vyote hadi kwa Dokta, akasema:

"Mama, mguu unaniuma."